Sufuria ya Abunuwasi: Je, watoto wetu wacheke msiba?

MWEZI Februari 2023 Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupigwa marufuku vitabu 16 katika shule zetu, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili, mila na desturi za Mtanzania. Waislamu wengi tuliipokea habari ile kwa furaha, na tulikuwa na haki, kwani suala la maadili ya watoto si la serikali peke yake. Mazungumzo yote barazani yalikuwa juu ya vitabu vya mambo ya jinsia. Wachache mno waliisoma orodha yenyewe mpaka mwisho. Waliofanya hivyo waliona kuwa ndani yake kulikuwa na mfululizo wa hadithi za vichekesho wa Diary of a Wimpy Kid, wa mwandishi wa Marekani aitwaye Jeff Kinney, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2007.

Hapa Kibaha vitabu hivyo vilikuwa vikizunguka mikononi mwa watoto wanaosoma shule za Kiingereza. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea cha kwanza, akaniuliza swali ambalo sikupenda kulijibu bila kusoma: "Ustadhi, kosa la kitabu hiki ni lipi?"

Nikakisoma. Mhusika ni kijana anayeitwa Greg Heffley, mvivu, mjanja wa kijinga, anayejipenda kuliko watu wote. Katika tukio moja amepewa kazi ya kuwasindikiza watoto wa chekechea. Anachukua mnyoo juu ya kijiti na kuwakimbiza nao watoto wale. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la rafiki yake, Rowley, na aliyemwona akalitambua koti. Rowley akaadhibiwa, Greg akanyamaza. Baadaye ukweli ulijulikana, Greg akavuliwa kazi na Rowley akapandishwa. Mahali pengine Greg anamrushia mwenzake mpira naye anaanguka na kuvunjika mkono. Msomaji anacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu mwandishi ni fundi.

Basi swali la yule mwanafunzi ni swali la haki. Je, tatizo ni kwamba mtoto anavunjika mkono ndani ya hadithi? Au ni kwamba tunacheka akivunjika? Au ni kwamba anayemuumiza mwenzake ndiye tunayemfuata kama shujaa? Haya ni mambo matatu mbalimbali, na sisi tuna tabia ya kuyafunga katika furushi moja na kulitupa.

Nisingeliandika jambo hili gazetini kama lingeishia hapo. Vitabu vya Marekani vina wenyewe. Lakini limetufikia mlangoni. Mwisho wa wiki nasomesha madrasa moja upande wa Kisarawe, na humo tuna kabati la vitabu vilivyotolewa sadaka na watu mbalimbali. Mna juzuu, vitabu vya fiqhi, na chini kabisa mna hadithi za Kiswahili: Abunuwasi, Sungura na Fisi, Adili na Nduguze cha marehemu Shaaban Robert, na vijitabu vya watoto ambavyo majalada yake yamekwisha kuanguka. Mzazi mmoja, mama mwenye heshima zake, mjane, ameiomba kamati ya msikiti ile rafu ya chini iondolewe. Hoja yake ni kwamba binti yake wa miaka 9 alirudi nyumbani akisimulia hadithi ya sufuria iliyokufa huku akicheka mpaka machozi, na baba yake mtoto huyo amezikwa mwaka jana. Mama anauliza: mtoto aliyefiwa anafundishwaje kucheka kifo? Kamati ikaniagiza nitoe maoni yangu kwa maandishi. Nimeona niyatoe na hapa, kwa sababu jambo hili si la madrasa moja.

Kwanza misiba yenyewe

Wako wazee wetu wanaosema hadithi za watoto ziwe za furaha tu, mtoto asisikie kifo, wizi, wala ndugu kumsaliti ndugu. Ninawaheshimu, ila sijui watafanyaje na Qur'an. Sura ya Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu (s.w.) mwenyewe katika aya ya 3 ameiita simulizi iliyo bora, inaanza na nini? Inaanza na mtoto mdogo anayechukuliwa na kaka zake kwa ahadi ya kwenda kucheza, kisha anatupwa kisimani. Baba analetewa kanzu yenye damu ya uongo. Mtoto anauzwa kwa thamani ndogo kama bidhaa ya sokoni. Akikua anasingiziwa na kufungwa. Baba analia mpaka macho yanageuka meupe. Hiyo ndiyo hadithi ambayo kila ustadhi anaitoa kwanza kwa watoto, na watoto ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Sijawahi kumwona mzazi akija kulalamika kuhusu kisima.

Nabii Musa (a.s.) anawekwa majini akiwa mchanga kwa sababu watoto wa kiume wanachinjwa. Watu wa Mahandaki, ambao habari yao imepokewa kwa urefu na Imam Muslim kutoka kwa Suhayb (r.a.), wanatiwa motoni, na kabla yao kijana mdogo anauawa mbele ya kadamnasi. Ukiondoa misiba katika visa vya dini yetu, kitakachobaki ni majina ya watu na miji.

Na tusijidanganye kuwa mtoto wa Pwani hajui msiba mpaka ausome. Kibaha imekaa juu ya barabara ya Morogoro. Hospitali ya Tumbi imejulikana kwa miaka mingi kama mahali majeruhi wa ajali za barabara hiyo wanapokimbizwa. Mtoto wa Maili Moja au wa Picha ya Ndege ameona gari lililopondeka likivutwa, na anajua maana ya king'ora. Huyu hadithi haimletei habari ya kifo. Habari anayo. Asichokuwa nacho ni namna ya kuishika.

Wazazi wetu waliosoma shule za msingi zamani mpaka leo wanalighani kwa moyo lile shairi la baba aliyerudi safarini mgonjwa, akawaachia wanawe fumbo kwamba mali iko shambani. Ulizingatie vizuri. Baba amevimba, anatetemeka, anakata roho, na watoto wamesimama wakitaka kujua watarithi nini! Ukilitazama kwa jicho la mtu mgeni utasema ni shairi la kutisha. Kizazi kizima kimelikariri kikiwa na miaka 10 au 11, na sijasikia kuwa liliwaharibu. Liliwafunza kilimo, na pembeni, bila mtu kusema, liliwafunza kwamba baba hufa.

Kwa hiyo katika hili la kwanza sina mashaka. Msiba una mahali pake katika hadithi ya mtoto. Na zaidi ya hapo, kuna misiba ambayo ni wajibu kuisimulia. Wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakisoma Takadini, kisa cha mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ulemavu wa ngozi kwa kuwa mila za kwao zinataka auawe. Nchi hii imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina. Nani atasema kitabu hicho kina huzuni mno?

Sasa kicheko

Hapa ndipo pagumu, na ndipo hoja ya yule mama ilipo. Yeye hakulalamika kuhusu kifo. Alilalamika kuhusu kucheka.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitania. Masahaba walimshangaa kwa hilo, naye akawajibu kwamba katika utani wake hasemi ila kweli, kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Kisa cha bibi kizee aliyeambiwa kuwa vikongwe hawaingii Peponi kinajulikana. Bibi akageuka analia. Akapelekewa habari kuwa hataingia akiwa kikongwe, kwani Allah atawaumba upya wakiwa vijana, na ikasomwa aya ya Suratul Waaqi'ah. Tazama mpangilio wa mzaha huo. Kwa muda mfupi umemgusa bibi mahali panapouma kuliko pote, uzee na kaburi lililo karibu, kisha umelifungua jambo likawa bishara. Umeuma, na ndani ya muda huo huo ukaponya.

Kisa kingine kinamhusu mtoto hasa. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake kwa mama, akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege akicheza nacho. Kindege kikafa. Mtume (s.a.w.) akamkuta mtoto amenuna, akamuuliza kindege kimefanya nini, kwa maneno yaliyopangwa vina na jina la mtoto mwenyewe. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika risala nzima akitoa faida 60 ndani ya maneno hayo machache. Mimi naomba kuongeza swali moja tu. Kwa nini Mtume hakujifanya hajui, wala hakumwambia mtoto anyamaze, wala hakumpa mawaidha ya subira? Alikitaja kile kile kilichokufa, kwa jina lake, na akakitaja kwa mdundo unaochezeka mdomoni mwa mtoto. Msiba wa mtoto ulishikwa kwa mzaha, na mzaha haukuwa dhidi ya mtoto.

Upande wa pili, yako makatazo, nayo ni makali. Suratul Hujuraat aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao. Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini, mmoja wao akalala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akashtuka, Mtume (s.a.w.) akasema si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Na siku upepo ulipofunua miundi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), wakaicheka kwa wembamba wake, waliambiwa kwamba katika mizani miundi hiyo ni mizito kuliko mlima Uhud.

Ukiviweka visa hivi pamoja, utaona kuwa dini haikuuliza kama jambo linachekesha. Inauliza kicheko kimemwangukia nani. Kimwangukie mwenye miguu myembamba, aliyelala usingizi, mtoto wa chekechea anayekimbizwa na mnyoo, hicho ni dhulma hata kikivikwa nguo za hadithi. Kimwangukie mwenye kudhulumu, mwenye tamaa, mwenye kujiona, hilo ni jambo jingine. Suratul Mutwaffifiin mwishoni inatuambia kuwa waovu walikuwa wakiwacheka walioamini, na Siku hiyo walioamini ndio watakaowacheka. Kicheko kimetajwa pale pale mara mbili, kwanza cha dhulma na kisha cha haki.

Nirudi kwenye kanzu ya Yusuf, kwa sababu kuna jambo wafasiri wamelitaja ambalo wanafunzi wangu hulifurahia sana. Wamesimulia kwamba Nabii Yakubu (a.s.) alipoletewa kanzu yenye damu aliigeuza-geuza, akaona haina hata tundu moja. Akastaajabia upole wa mbwa mwitu huyo, aliyemla mtoto bila kuichana kanzu yake. Hebu fikirini. Baba aliyeletewa habari ya kifo cha mwanawe, mikononi ana nguo yenye damu, naye anatoa neno ambalo darasa zima likilisikia linacheka. Linamcheka nani? Wale kaka kumi waongo, waliosahau kuichana kanzu. Huzuni ya Yakubu haikupungua hata chembe. Watoto wanaliona mara moja, bila mwalimu kuwaeleza.

Sufuria yenyewe

Kwa asiyeikumbuka: Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani, akisema sufuria imezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote. Safari ya pili akaazima tena, asirudishe. Jirani alipoifuata akaambiwa, pole, sufuria yako imekufa. Akapiga kelele, sufuria hufaje? Akaulizwa, mbona ulipoambiwa imezaa ulikubali?

Nimeisimulia hadithi hii Kibaha na Kisarawe mara nyingi, na nimewasikiliza watoto wanavyocheka. Hakuna anayemcheka maiti, maana maiti hayupo. Wanamcheka jirani aliyeamini uongo ulipomletea faida na kuukataa ulipomletea hasara. Kijana mmoja darasani aliwahi kusema kuwa jirani huyo ni kama mjomba wake anayeisifu serikali siku ya mgawo wa mbolea tu. Nikamnyamazisha, lakini alikuwa ameielewa hadithi.

Wapo masheikh wanaompinga Abunuwasi kwa sababu nyingine. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun Rashid, karne ya pili Hijria, na sifa yake kubwa ilikuwa mashairi ya ulevi. Hilo ni kweli. Ila Abunuwasi wa Pwani ya Afrika Mashariki amebaki na jina tu. Huyu wetu ni ndugu yake Juha: mtu wa chini anayemshinda tajiri na mfalme kwa akili. Maskini anadaiwa fedha kwa kunusa harufu ya chakula cha tajiri, Abunuwasi anamlipa tajiri kwa mlio wa sarafu. Maskini anakesha ndani ya maji ya baridi kwa ahadi ya ujira, kisha ananyimwa kwa madai kuwa aliota moto uliokuwa mbali kabisa. Abunuwasi anawaalika wakubwa karamuni na kukitundika chungu juu mbali na moto, wasubiri kiive. Ndani yake kuna mateso ya kweli. Mtu alikaribia kufa kwa baridi. Kicheko kimekwenda kwa waliomnyima.

Na suala la uongo? Hadithi ya Bahz bin Hakim, kwa Abu Dawud na Tirmidhi, inamkaripia vikali anayesema uongo ili kuwachekesha watu. Haifai kuiruka. Lakini mzee wetu wa Pwani hakuanza hadithi bila kuomba ruhusa. Alisema "Hadithi, hadithi!", na watoto wenyewe wakamjibu kwamba hadithi ije na uongo uje. Hapo hakuna aliyedanganywa. Wanachuoni wetu kwa zaidi ya miaka elfu moja wamesoma Kalila na Dimna, kitabu alichokiweka Ibn al-Muqaffa' katika Kiarabu karne ya pili Hijria, ambamo wanyama wanasema. Hakuna aliyedhani kuwa mbweha alizungumza kweli.

Kitabu hicho kina funzo jingine kwa mjadala wetu. Ndani yake Dimna, mbweha mwenye husuda, anamfitini ng'ombe dume mpaka simba anamuua rafiki yake asiye na hatia. Kwa mujibu wa watafiti, kisa cha asili kutoka India kiliishia hapo, fitina imefaulu. Katika Kiarabu mna mlango mzima unaofuata ambamo Dimna anafikishwa mahakamani, anahojiwa, anajitetea kwa ulimi wake mtamu, na mwisho anauawa. Na wengi wanaona kuwa mlango huo uliongezwa na Ibn al-Muqaffa' mwenyewe. Naona alifanya sahihi. Hakukiondoa kifo cha ng'ombe, wala hakumfanya Dimna aache kuchekesha. Alikataa tu kitabu kifungwe kabla mwovu hajaitwa mwovu.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na walioshangilia marufuku ya 2023 bila kusoma. Greg Heffley naye huaibika karibu kila anapofanya uovu. Tatizo langu na kitabu kile ni jingine: haoni haya. Kila aibu inamwacha vile vile, na msomaji wa miaka 10 anafundishwa kuwa kosa lilikuwa kukamatwa. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ina ukatili mkubwa zaidi kwa macho. Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wamegeuzwa manyani, na Adili amelazimishwa kuwachapa kila usiku. Lakini Adili anawachapa akiwa anaumia, anawalisha, anawaombea. Mtoto anayesoma Shaaban Robert anaona mijeledi na anaona machozi.

Wazungu nao wanabishana jambo hili hili. Daniel Handler, akijiita Lemony Snicket, aliandika kati ya 1999 na 2006 vitabu 13 vya yatima watatu wa moto, wanaoangukia mikononi mwa mlezi anayetaka kuwaua apate urithi wao, na kila kitabu humwonya msomaji akiweke chini. Wazazi wengi walilalamika. Mimi nilipousikia mhutasari wake nilifikiria Suratun Nisaa aya ya 10, kwamba wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ni wangapi Pwani hii wamemlia yatima shamba la minazi la baba yake? Hadithi ya mlezi mwizi, ikaandikwa na Mswahili, ingesomwa Kisarawe kwa utulivu mkubwa, na baadhi ya wajomba wasingefurahi.

Yanayotushinda nyumbani

Naomba nisieleweke kuwa nasema kila kitu kifae. Kuna hadithi ya Sungura na Fisi inayosimuliwa sehemu nyingi ambamo wanakubaliana kila mmoja amuue mama yake. Sungura anamficha wa kwake, Fisi anamuua wa kwake kweli. Ujanja wa Sungura unaifanya ichekeshe. Mimi naona haimfai mtoto wa miaka 7, maana hapo mama ameuawa na aliyetega mtego anashangiliwa. Mtoto wa miaka 14 anaweza kuijadili, na nimeijadili nao. Walimhukumu Sungura.

Kisha kuna utani wa msibani. Uzaramoni mtoto hahitaji kitabu kuona kicheko kikikutana na kifo. Mtani anakuja matangani, anamuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai alipwe ndipo kaburi lichimbwe, wafiwa waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Nimekaa katika misiba hiyo. Palipo na adabu, utani ule unampa mfiwa nafasi ya kuvuta pumzi. Panapozidi, ambapo marehemu anatukanwa na aibu zake zinatolewa, tunaingia katika kuwatukana wafu, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelikataza katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) aliyoipokea Bukhari. Ni kipimo kile kile kinafanya kazi hata bila kitabu.

Na sisi walimu wa madrasa tujitazame. Tunaogopa sufuria iliyokufa, halafu miaka ya 2000 wangapi walikaa na watoto wa miaka 6 mbele ya video za adhabu za kaburi, nyoka na marungu, watoto wakashindwa kulala wiki nzima? Adhabu ya kaburi ni haki, tunaiamini. Kumtisha mtoto ambaye kalamu haijamwandikia dhambi ni jambo jingine. Leo hii watoto wale wale wanashika simu za wazazi na kutazama watu wakianguka kutoka kwenye bodaboda, watu wa kweli, mifupa ya kweli, na chini yake vikatuni vya kucheka vimepangwa safu. Hicho hakina mwandishi, hakina mwisho, hakuna anayemwita mwovu mwovu. Kamati haijaletewa barua kuhusu simu.

Niliyoiandikia kamati ni haya kwa ufupi. Rafu ya chini ibaki. Hadithi ya mama wawili na nyingine mbili zinazofanana nayo zipande rafu ya juu, wasome wakubwa pamoja na mwalimu. Hadithi isomwe kwa sauti na mtu mzima awepo, ili mtoto akicheka aulizwe, umemcheka nani? Na mjane yule asijibiwe kwa barua. Nimeomba mama wawili wa kamati waende kwake, na nimewaambia wamuulize binti alisimulia vipi hadithi ile, kwa sababu mtoto aliyefiwa akicheka mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, huenda hakuwa akicheka kifo.

Sijui kamati itaamua nini. Mzee mmoja tayari ameniambia kuwa vitabu vya dini vinatosha na nafasi ya kabati ni ndogo, na kuhusu kabati hajakosea. Kikao kitakuwa baada ya swala ya Alasiri, Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kwa sasa kitabu cha Abunuwasi kimewekwa kwangu, Kibaha, na wanafunzi wawili wameshaniuliza kinarudi lini.